Nafasi ya Katikati

Jumapili hiyo kanisa lilijaa hadi watu wakaegemea kuta. Mama mmoja mwenye utepe wa kijani begani, aliyekuwa na zamu ya kupanga waumini, alikuwa akipita kando ya mabenchi akiwasogeza watu kwa kiganja, hapa akipata nafasi ya mmoja, pale ya wawili, kwa sababu hakupenda mtu mzima asimame misa yote na mbao ziko tupu. Alipofika kwenye benchi la Straton na mke wake Vénantie, akasimama. Kati ya wawili hao palikuwa na nafasi ya mtu mmoja, nafasi nzuri kabisa, na nyuma ya mama wa utepe alikuwa akisubiri kikongwe aliyetetemeka juu ya fimbo yake. Mama akaitazama ile nafasi. Akainamisha kichwa kidogo, kama mtu anayemsalimu mwingine bila kutaka kumsumbua katika sala, kisha akamgeukia kikongwe.

"Huku kumejaa, maman," akamnong'oneza. "Twende mbele."

Straton akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Mjinga wa kijani, alijisemea, hata kuhesabu watu hajui. Lakini Vénantie hakutabasamu. Alikuwa amekusanya sketi yake upande wake, kama mtu anayekaa na mgeni na hataki nguo yake ikaliwe.

Huyu Straton alikuwa mtu wa kudharau. Aliwadharau watu wa Bugarama alikozaliwa, kwa sababu walitembea na matope ya mpunga kwenye vifundo vya miguu. Aliwadharau watu wa Kamembe alikofungua duka lake la misumari na rangi, kwa sababu walijiona wako mjini. Alikuwa amesoma miaka mitatu Bukavu, ng'ambo ya mto, na watu wa huko aliwadharau pia, ila kwa Kifaransa. Mtu mmoja tu alishindwa kumdharau mpaka mwisho, naye ni mke wake. Alimcheka mbele ya wageni kwa matamshi yake ya Gitambi, kijijini kwao, na kwa tumbo lake ambalo kwa miaka sita halikuzaa. Lakini Vénantie akichelewa kurudi kutoka sokoni, Straton alitoka nje ya duka mara tatu, mara nne, akaitazama barabara. Bila mwanamke huyo hakujua angeishi vipi. Hakuwahi kumwambia. Alidhani mwanamke hujua mwenyewe.

Marehemu baba yake, Mzee Nsabimana, alimwachia Pejo 404 yenye rangi ya chai ya maziwa, gari lenye umri mkubwa kuliko Straton. Kiti chake cha mbele kilikuwa kimoja, kirefu, na mkono wa gia ulitoka ubavuni mwa usukani, ili sakafu ibaki wazi na watu watatu wakae mbele bila kugongana magoti. Lakini Mzee, maisha yake yote, hakumkalisha mtu katikati. Nyuma pakijaa mpaka watoto wakapakatwa, mvua ikinyesha na mtu akimsimamisha njiani, mbele walikaa wawili tu, yeye kwenye usukani na mwingine mlangoni, na katikati palibaki patupu, pamefutwa vumbi kila asubuhi kwa kitambaa safi. Majirani waliyaita majivuno. Straton aliuita uzee.

Mzee alipozikwa na siku ya kuondoa matanga ikafika, mama yake, Mukabaranga, alimwambia mbele ya ukoo wote kwamba gari ni lake, ila kiti cha mbele asikiguse na mkono wa gia asiuhamishe. Alisema mara mbili, polepole, rozari ikiwa bado mkononi. Straton aliwatazama wajomba zake akainua mabega, kama anayewaomba radhi kwa mzazi aliyechoka akili.

Kwa maana alikuwa ameshaona kwenye simu yake jinsi wenzake wa nchi za mbali wanavyoyafanya magari ya kale. Gia hutoka sakafuni, kati ya viti viwili, imezungukwa na kisanduku cha ngozi chenye mahali pa kuweka chupa. Hilo ndilo gari la mwanamume. Kubadilisha gia kando ya usukani, alisema, ni kama kukoroga uji kwenye sufuria ya mtu mwingine.

Fundi aliyempata aliitwa Muderhwa, mtu mpole aliyekulia Bukavu, mwenye garaji chini ya barabara ya uwanja wa ndege. Muderhwa alitafuta sanduku la gia la Pejo nyingine iliyokufa, ile ambayo gia zake zilitoka chini. Alifungua fimbo mbili nyembamba zilizoshuka kutoka kwenye usukani, akautundika mkono wa zamani kwenye msumari ukutani, akang'oa kiti kirefu akakitoa nje, kisha akapiga magoti na kuchora duara kwa chaki katikati ya sakafu ya gari. Akaweka kiganja chake juu ya duara. Akakiondoa haraka.

"Patroni," akasema, "hii bati iko na moto. Sijakata bado. Iko na moto kama kuko muntu alikuwa anaikalia."

"Kata," Straton akamwambia. "Ama nitafute fundi mwenye alisoma?"

Muderhwa alifanya ishara ya msalaba, akawasha mashine, akakata. Cheche ziliruka kama kawaida, lakini harufu iliyotoka haikuwa ya chuma. Ilikuwa ya chokaa yenye joto, chokaa iliyolowana, harufu ile ile ambayo watu wa Bugarama huijua, inayopanda kutoka kwenye maji ya moto ya Mashyuza watu wanakokwenda kulowesha viungo vyao vinavyouma. Straton akasema fundi anakata vibaya.

Gari lilitoka garajini likiwa na viti viwili vyeusi, kisanduku kati yao, na mkono mpya wa gia wenye kirungu kinachong'aa. Wiki moja baadaye ndipo ilipokuja ile Jumapili ya kanisani.

Walipotoka misa, Straton aliwasha gari akaweka gia ya kwanza, likaenda. Alipovuta kirungu nyuma kuweka ya pili, kikagoma. Hakikugonga chuma. Kiligonga kitu chenye ulaini juu na ugumu ndani, na Straton, aliyekuwa amepanda mabasi ya watu wengi maishani mwake, alijua mara moja ni nini kinachofanana na hicho, akakataa kujua. Ni goti. Akavuta tena kwa nguvu, na kile kitu kikasogea, bila haraka, kama anavyosogea mtu anayeona kwamba jirani yake hana adabu. Gia ikaingia.

"Yule mpumbavu wa Bukavu," akasema, "ameharibu kila kintu."

Hapo ndipo aliposikia msonyo. Ulikuwa mrefu, wa majimaji, wa meno na ulimi, ule ambao mtu humtolea mwingine asiyestahili hata tusi. Ulitoka kando yake, karibu sana. Straton akafunga breki katikati ya barabara akamgeukia mke wake.

"Unanisonya mimi?"

Vénantie alikuwa amejibana mlangoni, mikono imeshika mkoba. Macho yake hayakuwa kwa mume wake. Yalikuwa juu ya kisanduku, kwa urefu wa uso wa mtu aliyekaa.

"Haiko mimi, Straton," akanong'ona.

Tangu siku hiyo msonyo uliwafuata ndani. Straton akimsema vibaya mfanyakazi wa duka, ulikuja. Akiuliza nani amepika mboga hizi za ng'ombe, ulikuja, kati ya sahani yake na sahani ya Vénantie, na harufu ya chokaa ilipanda juu ya harufu ya maharage. Akaanza kukaa mbali na mke wake bila kukusudia. Kwenye kochi la watu watatu wakajikuta kila mmoja yuko kwenye mkono wa kochi, na mto wa katikati umebonyea. Barabarani walitembea na upana wa mtu kati yao, na waliokutana nao uso kwa uso hawakupita pale palipo wazi. Walizunguka wote, wakiomba njia.

"Kuko muntu katikati yetu," Vénantie alimwambia jioni moja, akitoa sauti ndogo mno. "Tangu gari ilitoka ku garaji. Mi naogopa. Turudishe ile kiti ya Papa."

"Umeanza mambo ya Gitambi," Straton akajibu. "Mashetani yanakaa ku mashamba ya mihogo, hayana kazi na batu ba mujini." Alisubiri msonyo, na msonyo ukaja, na kwa mara ya kwanza nywele za shingo yake zilisimama, kwa sababu ulikuja na pumzi, na pumzi hiyo ilikuwa na joto.

Alfajiri moja aliamka mwanga ukiwa umeshaingia chini ya pazia. Shuka katikati ya kitanda lilikuwa limedidimia kwa urefu wa mtu mzima, kuanzia kwenye mto hadi kwenye miguu, na lilikuwa na unyevu, na unyevu huo ulikuwa wa vuguvugu kama maji yaliyotoka ardhini, na juu ya mto wa katikati, ambao hawakuwahi kuuweka hapo na ambao hakukumbuka ulitoka chumba gani, palikuwa na vumbi jeupe, laini, kama lile linalobaki kwenye mawe ya Mashyuza maji yakishakauka. Ng'ambo ya bonde hilo alilala mke wake, uso umeelekea kwake, midomo imefumbuka kidogo. Straton akataka kumshika bega. Alinyoosha mkono, ukafika nusu ya njia, ukakwama. Hakuna kilichouzuia. Ila alipata aibu, aibu ile ile ambayo angeipata kama angepitisha mkono wake juu ya kifua cha mtu asiyemjua ili amguse mwanamke aliye upande wa pili, na aibu hiyo ilikuwa nzito kuliko ukuta, ikamshusha mkono polepole mpaka akaurudisha chini ya blanketi lake mwenyewe, akalala akiutazama uso wa mke wake kama mtu anayetazama duka lililofungwa.

Lakini hilo silo lililomvunja. Lililomvunja ni kwamba baada ya siku kadhaa Vénantie aliacha kuogopa. Alianza kuimba nyimbo za Bikira Maria akifua. Straton akisema jambo, yeye alinyamaza kidogo kabla ya kujibu, kichwa kimeinama upande, kama anayemsubiri mwingine amalize kwanza; na alipojibu, mara nyingi hakujibu alichoulizwa na mume wake. Aliwahi kusema, "Ndiyo, nimechoka leo, asante," na Straton hakuwa amemuuliza kama amechoka. Akakumbuka, akiwa amesimama pale na kikombe mkononi, kwamba katika miaka sita hakuwahi kumuuliza.

Padri alikuja akaibariki nyumba, akanyunyiza maji, akasoma. Wakati wa kuaga alimpa mkono Straton. Kisha akaunyoosha mkono wake mbele, katikati ya mke na mume, akaushikilia hapo kwa muda wa mtu kusema habari yako. Ndipo akampa Vénantie. Alipofika langoni akakitazama kiganja chake, akakipangusa kwenye kanzu, na akaondoka haraka bila kupokea chai.

Straton akashuka Bugarama kwa mama yake. Hakwenda kwa unyenyekevu. Alikwenda kama mtu anayerudisha bidhaa mbovu.

Mukabaranga alikuwa akianika mchele uani. Alimsikiliza mpaka mwisho, na mikono yake haikuacha kuusawazisha mchele. Kisha akamsimulia kitu ambacho yeye na marehemu walikubaliana wasimwambie mtu. Straton alipokuwa na miezi minane alishikwa na homa, akakakamaa. Walimpakia kwenye gari kwenda hospitali ya Mibirizi. Ilikuwa saa sita mchana, jua kali baada ya mvua, na karibu na maji ya moto gurudumu likazama kwenye tope. Mzee alisukuma mpaka akalia. Akatokea mtu, mrefu, nguo zake zimelowa zinatoa mvuke, miguu yake myeupe kwa chokaa hadi magotini. Akaweka mkono mmoja kwenye gari, likatoka. Mzee, kwa furaha na kwa kuchanganyikiwa, hakuuliza yeye ni nani. Alimfungulia mlango akamwambia panda, hii nafasi ni yako siku zote. Akapanda, akakaa katikati. Mukabaranga alikuwa ameishiwa nguvu mikononi, naye yule mtu alimchukua mtoto akampakata, na kutoka pale mpaka Mibirizi mtoto hakulia tena. Mlangoni mwa hospitali alimrudishia mama mtoto aliyepoa mwili. Baba na mama wakakimbilia ndani. Waliporudi, kiti cha katikati kilikuwa na unyevu, na hakuna aliyemwona mtu akishuka.

"Hakushuka," Mukabaranga akasema. "Miaka arobaini hakushuka, na hakutufanyia ubaya hata siku moja. Ule muntu unamufukuza, njo ule alikupakata."

Straton akamjibu kwamba hadithi za kuwatisha watoto alizisikia za kutosha. Lakini hakuondoka, na mama yake aliliona hilo, akamwonyesha nyumba ya Mwalimu Sultani, Mwislamu aliyewafundisha watoto wa jirani Kurani na aliyejua kusema na wale wasioonekana.

Sultani alikuwa na kandambili mbili zisizofanana, na Straton aliziangalia muda mrefu. Mzee huyo naye alimwangalia mgeni, shati lake, funguo zake, akamwacha amesimama. Alichoma ubani kwenye kigae, akasikiliza moshi, akauzima kwa kidole.

"Mimi nafukuza wezi," akasema. "Huyu si mwizi. Baba yako alimkaribisha kwa kinywa chake, akampa katikati. Wewe umemvunjia katikati yake, amejitafutia nyingine."

"Basi anataka nini?"

"Kiti. Urudishe kiti na ule mkono wa gia kule ulikokuwa, uzibe lile tundu. Halafu umpeleke pale alipopanda, saa sita, na mke wako akiwepo. Umwombe msamaha, umkaribishe. Uombe kama mtu, kijana. Si kama patroni anaita mbwa wake."

Straton alikuwa na miaka arobaini na mmoja, na hakuna aliyewahi kumwita kijana akabaki na heshima yake. Lakini aliwaza kile kitanda, na lile tabasamu ambalo Vénantie sasa alilitoa kwa hewa. Akaenda kwa Muderhwa.

Kiti kirefu kilikuwa nje ya garaji; wateja walikuwa wakikikalia wakisubiri. Muderhwa alikipangusa kwa maji na sabuni. Alishusha ule mkono kutoka kwenye msumari, akarudisha sanduku la gia la zamani na fimbo mbili mahali pake, akachomelea bati juu ya tundu la sakafu, na kisanduku cha ngozi akakiweka kando, miguuni mwa Straton mwenyewe, kama anayerudisha kitu cha haramu. Kazi ilichukua siku tatu. Kwa siku hizo tatu Vénantie alikula upande wake wa meza akizungumza kwa sauti ya chini, na hakuwa akizungumza na mume wake.

Siku ya nne wakashuka Mashyuza. Straton aliendesha, Vénantie alikaa mlangoni, na kati yao kiti kilikuwa kikavu. Saa sita ilipofika, jua liligonga mawe meupe na mvuke ukapanda kutoka kwenye maji, ukakaa juu ya nyasi bila kupeperuka. Waliokuwa wakioga walikuwa upande wa pili, mbali, sauti zao hazikufika. Straton akashuka, akauacha mlango wake wazi, akasimama kando yake. Alijua maneno. Alikuwa ameyarudia njia nzima. Lakini alipofungua kinywa alijiona, mtu mwenye duka, mwenye miaka mitatu ya Bukavu, anaomba radhi kwa mvuke, na hasira ikamjaa.

"Haya," akasema. "Kiti yako hii hapa. Ingia tumalize."

Hakuna kilichotokea. Mvuke ulisimama pale pale. Hata msonyo haukuja, na ukimya huo ulikuwa na dharau kubwa kuliko misonyo yote, kwa sababu ulimpita Straton kama watu wanavyopita kando ya jiwe, ukaenda ukasimama upande wa pili wa gari, na hapo, polepole, mvuke ukaanza kusogea, si kwa upepo, kwa maana majani hayakutikisika, ukasogea kwa hatua, hatua moja halafu nyingine, ukazunguka mbele ya boneti ukiacha alama nyeupe na za majimaji juu ya tope lililokuwa limekauka, mpaka ukafika mlangoni mwa Vénantie, ukangoja.

Vénantie alishuka. Alikuwa na rozari shingoni na uso wa mtu ambaye hakulala vizuri miaka mingi na sasa amelala. Akaufungua mlango wote.

"Karibu, ukae," akasema. "Utusamehe. Tulikutosha vibaya ku kiti yako."

Gari likainama. Springi zake zililia upande ule, kisha zikatulia. Vénantie akapanda baada yake, akafunga mlango taratibu, akavuta sketi yake asimkalie mwenziwe.

Straton alirudi kwenye usukani, akawasha gari bila kutazama upande wake wa kulia. Lakini walipoanza kupanda kuelekea Kamembe, moyo wake ulitulia. Mkono wa gia, pale kando ya usukani, uliingia laini kama haujawahi kuguswa. Hapakuwa na harufu, wala pumzi. Yule amerudi kwenye nafasi yake, hatalala tena kitandani kwao. Leo nitamshika bega mke wangu, Straton aliwaza, na furaha ilipomrudia, ulimi nao ukamrudia.

"Umeona?" akasema akicheka. "Yote ilikuwa kiti. Ile mzee ya kandambili ilitaka tu kujiona mukubwa. Wiki ijayo natafuta mujinga mumoja wa Bukavu, namuuzia hii gari na shetani yake ndani. Na wewe utaacha kuongea na ukuta."

Alisubiri msonyo kwa mazoea, mabega yamejikaza. Haukuja. Akageuka.

Vénantie alikuwa ameegemeza kichwa chake. Hakukiegemeza mlangoni. Kilikuwa kimelala upande wa ndani, juu ya hewa, kwa urefu wa bega la mtu mrefu, na shingo yake haikuwa na uchovu wowote. Gari liliruka kwenye shimo na kichwa kile kikainuka na kushuka polepole pamoja na kilichokibeba. Macho yake yalikuwa wazi. Yalimtazama mume wake kwa mbali, bila chuki, kama mtu anavyotazama abiria wa basi jingine.

Walikuwa wamefika kwenye njia panda ya Gitambi.

"Simamisha gari," akasema.

"Kufanya nini huku?"

"Sisi tunashukia hapa."

Mguu wa Straton ulikanyaga breki wenyewe. Akataka kusema jina lake. Akataka kumwambia kwamba alikuwa akitoka nje ya duka mara nne kuangalia barabara. Maneno hayo, ambayo miaka sita hakuyatafuta, sasa yalijaa kinywani yote kwa pamoja na hakuna lililopata njia. Vénantie alifungua mlango akashuka, na gari likainuka kidogo. Akabaki ameushika mlango, wazi, akingoja. Gari likainuka tena. Ndipo akaufunga, kwa adabu, kama anayefunga mlango wa nyumba ya watu.

Akapanda kijia cha kwao kati ya mihogo, hakugeuka. Alitembea pembezoni mwa njia, ingawa njia yote ilikuwa tupu. Mwanamke mmoja aliyekuwa akishuka na kikapu cha ndizi kichwani aliwaona wakija, akatoka njiani, akasimama kwenye nyasi mpaka wote wawili wakapita.

Straton alikaa na injini ikiunguruma, na baada ya muda mrefu akanyoosha mkono wake wa kulia juu ya kiti. Kilikuwa kikavu, kikavu na baridi. Mkono ukavuka katikati bila aibu yoyote, ukaendelea, ukafika mpaka mlangoni, wala haukugusa kitu.